Sura ya Tano: Njano ya Kuazima

Sokoni, mnunuzi anayetilia shaka mayai ana swali moja. "Dada, haya ni ya kienyeji kweli?" Muuzaji anayejiamini naye ana jibu moja: "Kapasue moja nyumbani. Kiini kikiwa cheupe, nirudishie yote." Wote wawili wamekubaliana, bila kuandikishana, kwamba rangi ya kiini ndiyo shahidi. Njano iliyokolea maana yake kuku amezurura, amekula vya asili, na yai lina afya. Kiini kilichopauka maana yake kuku wa bandani na yai lisilo na kitu. Bei mbili tofauti zimesimama juu ya shahidi huyo.

Katika maswali yote ya chakula ninayoulizwa, hili ndilo linalorudi zaidi: kwa nini kiini cha yai la kienyeji kina njano kali, na je, njano hiyo ndiyo lishe yenyewe? Sehemu ya kwanza ina jibu jepesi. Sehemu ya pili iliwahangaisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka kumi, na jibu lao halimpendezi kila anayelipa zaidi kwa ajili ya rangi.

## Kuku hana njano yake

Rangi ya kiumbe, mara nyingi, hutoka kwenye kemikali maalumu zilizomo mwilini mwake. Kemikali hizo huitwa pigmenti. Pigmenti humeza sehemu ya mwanga na kuuachia mwanga uliobaki uje machoni kwetu. Inayomeza mwanga wa buluu hutuachia njano. Hivyo ndivyo zinavyofanya pigmenti za kiini cha yai, za embe dodo lililoiva, za boga na za mahindi ya njano. Zote hizo ni za ukoo mmoja uitwao karotenoidi. Jina limetoka kwenye karoti, maana humo ndimo mkemia wa Kijerumani, Heinrich Wackenroder, alimotoa karotini mwaka 1831.

Ukoo huu una jambo moja la ajabu. Mimea huutengeneza, na mwani, bakteria na kuvu kadhaa huutengeneza pia. Wanyama hawawezi. Simba, sangara, kuku na binadamu, hakuna hata mmoja anayejua kuipika karotenoidi mwilini mwake. Wanaojulikana kuvunja kanuni hii ni wachache mno. Mmoja wao ni kidukari, yule mdudu mdogo anayenyonya utomvu wa mimea. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba mababu wa vidukari walipata vinasaba vya kazi hiyo kutoka kwa kuvu. Sisi wengine wote tunaazima kwa kula.

Heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi ambao wengi huwaita flamingo, huanguliwa wakiwa wa kijivu. Kwenye Ziwa Natron, chini ya mlima Oldonyo Lengai, makinda yao hutembea kama kundi la vumbi. Waridi huja taratibu, baada ya kula vijimea vya majini vyenye karotenoidi ambazo mwili wa ndege huzigeuza kidogo na kuzipeleka kwenye manyoya. Manjano ya kwera dume msimu wa kujenga viota imepita njia ya namna hiyo: imetoka kwenye mmea au kwenye mdudu aliyekula mmea.

Kuku wa kienyeji anaazima kutwa nzima. Anadonoa nyasi changa, majani ya mchicha, maganda ya papai, na panzi ambaye naye alikuwa anakula majani. Karotenoidi huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Zikishaingia mwilini hufuata mafuta, na katika yai mafuta yako kwenye kiini. Ute, ambao ni maji na protini, hubaki bila njano.

Kuku wa bandani hula anachowekewa: mahindi meupe yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, soya, dagaa. Ndani ya mchanganyiko huo njano ni haba, basi na kiini kinapauka. Mbadilishie chakula leo, mtupie majani mabichi kila siku, na ndani ya siku kumi hivi utaona tofauti kwenye kikaango. Siku kumi hizo zina sababu: sehemu kubwa ya kiini hujengwa tabaka juu ya tabaka katika siku kumi za mwisho kabla yai halijatagwa. Kiini ni daftari la yale kuku aliyokula wiki moja na nusu iliyopita.

Wafugaji wazoefu husoma daftari hilo mahali pengine pia, miguuni. Kuku mwenye ngozi ya njano akianza kutaga, njano anayokula huelekezwa kwenye mayai, na ile ya mwilini haijazwi tena. Rangi huanza kupauka kuzunguka tundu la kutagia, ikafuata pete ya jicho, kisha mdomo, na mwisho miguu. Mtetea wa miezi mingi ya kutaga ana miguu iliyofifia. Akiacha kutaga, njano hurudi kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo mtu akikuuzia mtetea na kuapa kwamba anataga kila siku, huku miguu yake inang'aa njano kama ndizi, muulize tena.

## Shahidi anayeweza kununuliwa

Kwa kuwa rangi inatoka kwenye chakula, anayemiliki chakula anamiliki rangi. Watengenezaji wa vyakula vya kuku duniani wanalijua hili vizuri. Wana kipimo kinachofanana na upepeo, vipande vyembamba vilivyopakwa rangi na kupewa namba kuanzia 1, njano iliyopauka kabisa, hadi 15 au 16, rangi ya chungwa. Mnunuzi wa jumla anataja namba, na mfugaji anaifikia kwa kuongeza kwenye chakula unga wa maua ya marigodi kwa ajili ya njano, au unga wa pilipili nyekundu zisizowasha kwa ajili ya wekundu. Maua hayo hulimwa mashamba kwa mashamba katika nchi kama India na China, na shabaha kubwa ya kilimo hicho ni viini vya mayai ya watu wengine.

Wafugaji wetu wadogo nao wana njia yao: majani ya lusina yaliyokaushwa na kusagwa, kiasi kidogo kwenye chakula. Kidogo, nasisitiza, maana lusina ina sumu iitwayo mimosini na ikizidi huwadhuru kuku.

Sioni udanganyifu katika kumlisha kuku majani. Ninachokataa ni kusema kiini cha njano kinathibitisha kuku alikuwa huru. Kuku aliyefungiwa maisha yake yote anaweza kutaga kiini cha rangi ya machweo. Na kuku anayezurura kijijini mwezi wa kiangazi kikali, majani yote yamekauka, anaweza kutaga kiini kilichopauka.

Kwa kifupi: Wanyama, isipokuwa wachache sana, hawatengenezi karotenoidi. Rangi ya kiini inaeleza kuku alikula nini, haielezi aliishi wapi.

## Panya, mahindi na fumbo la miaka kumi na moja

Tanzania ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, chakula kilipokuwa adimu, ilikula unga wa mahindi ya njano kutoka nje. Watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu ya Young Africans. Kenya nayo ilipokea mahindi ya njano wakati wa ukame wa 1984. Waliokula wanasimulia ugali wenye harufu na ladha ngeni, na hadi leo wapo wazee wanaoyaona mahindi ya njano kuwa chakula cha shida. Nawaelewa kabisa. Lakini ndani ya unga ule uliodharauliwa mlikuwa na kitu ambacho sembe nyeupe haina.

Mwaka 1919, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Harry Steenbock aliona panya waliolishwa mahindi meupe wanadhoofika, na wale wa mahindi ya njano wanastawi. Alitazama vyakula vingine na kuona mpangilio uleule: karoti za njano zina vitamini A, mizizi myeupe haina. Vitamini A ni kirutubisho ambacho kikipungua mtoto huanza kutoona vizuri giza likiingia, hushambuliwa na maradhi kirahisi, na mwishowe anaweza kupofuka. Steenbock akapendekeza kwamba huenda vitamini hiyo na pigmenti ya njano vina undugu.

Mwaka huohuo, katika jimbo la Missouri, Leroy Palmer alifanya jaribio lililoelekea kulibomoa wazo hilo. Aliwalea kuku tangu vifaranga kwa chakula kisicho na karotenoidi karibu kabisa, akiwapa ini la nguruwe ili wapate vitamini. Kuku wakakua vizuri na wakataga. Viini vyao havikuwa na njano, na mayai hayo yaliyopauka yakaangua vifaranga wazima. Ikiwa njano ndiyo vitamini A, hawa waliishije? Na ini lenyewe, ambalo lina vitamini A tele, mbona si la njano?

Jibu lilipatikana mwaka 1930 huko Cambridge, Uingereza. Thomas Moore aliwachukua panya waliokosa vitamini A, akawapa karotini safi, kisha akachunguza maini yao. Ndani yake alikuta vitamini A, isiyo na rangi ile ya karotini. Mwili ulikuwa umechukua kitu cha njano na kukigeuza kuwa kitu kisicho cha njano. Wakati huohuo Paul Karrer, huko Zurich, alionyesha umbo la karotini yenyewe: mnyororo wa atomi 40 za kaboni, unaofanana pande zote mbili. Mwili huukata katikati, na kila nusu huwa vitamini A. Karrer alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1937.

Hapa ndipo shahidi wa sokoni anapoanguka mara ya pili. Karotenoidi zinazokatika na kuwa vitamini A ni chache, na iliyo muhimu zaidi huitwa betakarotini. Njano ya kiini cha yai kwa sehemu kubwa ni ndugu zake wawili, luteini na zeazantini, ambazo hazikatiki kuwa vitamini A. Vitamini A iliyomo kwenye yai imekwisha kugeuzwa na kuku, nayo haionekani kwa macho. Kuku wa bandani huongezewa vitamini A kwenye chakula chake, na yai lake lililopauka linaweza kuwa nayo sawa na la kienyeji, au hata zaidi.

Kuna wanyama ambao hawawezi kukata mnyororo huo. Paka ni mmoja wao. Mlishe karoti mpaka uchoke, bado atahitaji nyama, samaki au ini.

## Jani huficha njano, kisha huitumia

Mpaka hapa nimeizungumzia njano kama kitu cha kuliwa. Mmea haukuitengeneza kwa ajili yetu. Basi unaitaka ya nini?

Chukua jani lolote bichi. Ndani yake mna klorofili, pigmenti ya kijani inayonasa jua ili mmea upate chakula, na kando yake mna karotenoidi zilizofunikwa na ukijani. Mwaka 1906 mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tsvet, alieleza jinsi alivyomimina mchujo wa majani yaliyosagwa katika bomba lenye chokaa laini. Rangi zikashuka kwa mwendo tofauti na kujipanga mikanda: kijani huku, njano kule. Njano ilikuwamo muda wote.

Ndizi ikiiva mbele ya macho yako, unachokiona ni klorofili ikivunjika na njano iliyofichwa ikijitokeza. Na klorofili ya ganda la baadhi ya ndizi, hasa zile ndefu za Kavendishi zinazouzwa nje, hukataa kuvunjika vizuri joto likipita nyuzi 30. Ndizi inalainika na kuwa tamu huku ganda bado lina ukijani. Aliyewahi kuvundika ndizi kwenye chumba chenye joto kali analijua hilo.

Kazi kubwa ya njano ndani ya jani ni ulinzi. Jua la saa sita mchana huleta nguvu nyingi kuliko jani linavyoweza kutumia. Nguvu inayozidi hugeuza oksijeni iliyo karibu kuwa kali, ikaanza kuchoma seli. Karotenoidi huipokea nguvu hiyo na kuitoa kama joto tu. Jani halingoji kuungua: jua likizidi, ndani ya dakika chache hubadilisha karotenoidi moja kuwa zeazantini, ambayo ni hodari zaidi kwa kazi hii. Jioni huirudisha ilivyokuwa.

Ushahidi uko shambani. Zipo dawa za kuua magugu zinazofanya kazi kwa kuzuia mmea usitengeneze karotenoidi. Gugu lililopigwa dawa hiyo halikauki kwanza. Huwa jeupe, kwa sababu bila ngao ya njano hata klorofili yake inaunguzwa na jua, kisha hufa.

## Doa lililo nyuma ya jicho

Zeazantini ile ya jani la saa sita, na luteini ya kiini cha yai, ziko ndani ya jicho lako sasa hivi unaposoma.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, uitwao retina. Katikati yake pana sehemu ndogo, kipenyo chake kama milimita 5, tunayoitumia kusomea, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Madaktari huiita doa la njano, na jina hilo ni la kweli: limejaa luteini na zeazantini. Mwili umezichagua hizo mbili kati ya karotenoidi zote zilizomo kwenye damu, ukazirundika hapo. Zinachuja mwanga wa buluu kabla haujazifikia seli za kuonea, na kuzima oksijeni kali inayozaliwa na mwanga. Ni kazi ileile ziliyokuwa zinaifanya kwenye jani. Mwili hauwezi kuzitengeneza. Kila chembe iliyomo kwenye doa hilo iliwahi kuwa ndani ya mmea.

Kwa hiyo njano ya kiini si pambo tupu. Haileti vitamini A, lakini hulisha doa la jicho, tena hufyonzwa vizuri kwa kuwa imekuja na mafuta yake. Hapo kiini kilichokolea kinakishinda kilichopauka, na yeyote anayelipa zaidi kwa sababu hiyo analipia kitu halisi.

## Njano isiyotoka shambani

Ipo njano moja ambayo wanyama hujitengenezea, na hiyo ni ya kuangaliwa kwa makini. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka huvunjwa, na mabaki ya rangi yake nyekundu hugeuka kijani, kisha njano. Njano hii huitwa bilirubini. Uliona mabadiliko hayo mara ya mwisho ulipojigonga mguu: alama ikawa ya zambarau, ikaja kijani, ikaishia njano. Kwa kawaida ini huichukua bilirubini na kuitoa kwa njia ya nyongo.

Ini la mtoto mchanga bado halijazoea kazi hiyo, ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata manjano kidogo wiki ya kwanza. Wengi hupona wenyewe. Bilirubini ikipanda mno huingia kwenye ubongo na kuacha uziwi au mtindio wa ubongo. Katika miaka ya 1950, kwenye hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyekuwa akiwatoa watoto nje wapate hewa, aliona ngozi iliyopigwa na jua imepungua njano. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 1958, ulionyesha kwamba mwanga hubadilisha bilirubini iwe rahisi kutoka mwilini. Kutoka hapo zikaja taa za buluu zinazotumika kwenye wodi za watoto hadi leo. Kumwanika mtoto juani nyumbani si mbadala wa taa hizo.

Wazazi wengi huchanganya njano ya chakula na njano ya ugonjwa. Tofauti ziko wazi:

- Mtoto anayekula boga, papai na karoti kwa wingi anaweza kuwa na viganja na nyayo za njano. Weupe wa macho yake unabaki mweupe. Hana ugonjwa.
- Weupe wa jicho ukiwa wa njano, hiyo ni bilirubini. Kwa ngozi nyeusi tazama macho, ufizi, viganja na nyayo, kwenye mwanga wa mchana.
- Manjano inayotokea kabla mtoto hajamaliza saa 24 tangu azaliwe, au mtoto wa manjano anayelegea na kukataa kunyonya: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.
- Kwa mtu mzima, macho ya njano yanaweza kutokana na malaria kali, homa ya ini, selimundu au njia ya nyongo iliyoziba. Yote yanahitaji vipimo.

## Tukirudi sokoni

Sasa naweza kumjibu yule mnunuzi. Kama unapenda ladha ya yai la kienyeji, au unataka pesa yako imfikie mama anayefuga kuku uani, lipa bei yake kwa moyo mweupe. Kama unalifikiria doa la jicho, kiini kilichokolea kina faida. Lakini kama una mtoto mdogo na unatafuta vitamini A, mpeleke apate matone ya vitamini A kliniki kila baada ya miezi sita, na usiache ukubwa wa bei ya mayai ukupitishe mbali na meza ya mboga.

Humo ndimo betakarotini ilimojaa: matembele, mchicha, kisamvu, majani ya maboga, ambayo njano yake imefunikwa na kijani na kwa hiyo hakuna anayeisifia. Humo mna embe, papai na boga. Na yamo viazi lishe, vile viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao ya aina hiyo.

Pika mboga mpaka zilainike, maana karotini ya majani imefungiwa ndani ya seli, na utie kijiko cha mafuta au tui la nazi, kwa kuwa bila mafuta nyingi itapita tumboni na kutoka. Na ukipata mawese ya Kigoma au ya Kongo, usiyachome kwenye sufuria mpaka yawe meupe. Wekundu ule ni karotini, na mawese yakishapauka, karotini imekwisha.